Kuleta Mombasa gari ulilonunua kwa mtu binafsi Uingereza: hatua kwa hatua

Mwaka 2024 alinijia mama mmoja wa Kisauni, ameshika simu, ananionyesha picha ya gari jeupe lililoegeshwa kando ya barabara huko Leicester. Kijana wake alilinunua kwa jirani na pesa zilikuwa zimeshatoka. "Mwanangu, kila kitu tayari. Wewe nitolee tu hapo Kilindini." Nikamwambia, "Mama, naomba nione kadi yake kwanza." Nikasoma tarehe: limesajiliwa mara ya kwanza 2015. Ikabidi nimweleze kwamba gari lile haliingii Kenya, hata liwe zuri namna gani. Kijana alilazimika kuliuza tena kulekule, kwa hasara.

Kazi yangu ni kutoa magari bandarini, na ninaowaona wakiumia zaidi ni hawa wanaonunua kwa mtu binafsi. Anayenunua kwa muuzaji mkubwa wa Japani huletewa karatasi zote zimepangwa. Wewe unayenunua kwa jirani, rafiki au mtu wa kwenye tangazo, karatasi zote ni juu yako, na zinaanza kutengenezwa siku ile ile pesa zinapobadilisha mkono. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimekaa sana upande wa kule Uingereza. Huku Mombasa kazi huwa nyepesi ikiwa kule kulifanywa sawasawa.

Hatua ya 1: Soma kadi ya gari kabla ya kulipa

Kadi ya gari ya Uingereza inaitwa V5C. Mwambie muuzaji aipige picha kurasa zote, halafu tafuta sehemu tatu. Penye herufi B pana tarehe ya usajili wa kwanza. Penye E pana namba ya chesi. Penye P.1 pana ukubwa wa injini kwa cc.

Anza na B. Kwa kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, gari lililotumika lisizidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe upande wa kulia. Hesabu yenyewe inakwenda kwa mwaka wa kalenda. Kwa magari yaliyofika 2025, yaliyokubaliwa ni ya kuanzia Januari 2018. Kila mwaka unapogeuka, mwaka mmoja unakatwa.

Kinachohesabiwa ni siku gari linapofika hapa, siyo siku ulipolinunua wala siku lilipopakiwa. Ukinunua mwezi wa kumi gari lililo kwenye mwaka wake wa mwisho, unacheza na moto. Tangu mwisho wa 2023, meli nyingi zinazotoka Ulaya zimekuwa zikikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka kwa wiki kadhaa. Tarehe 1 Januari ikiikuta meli baharini, gari limezeeka likiwa ndani ya meli. Mimi kazi ya namna hiyo huikataa ikishapita Septemba.

Hatua ya 2: Hakikisha gari ni la anayeliuza

Hapa ndipo wengi huteleza. V5C yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtu aliyesajiliwa kuwa na gari, basi. Uingereza magari mengi huchukuliwa kwa mkopo, na kwa mikopo mingi ya aina hiyo gari hubaki kuwa mali ya kampuni ya fedha hadi deni limalizike. Mtu anaweza kuwa na kadi yenye jina lake na gari si lake.

Kwa hiyo lipia uchunguzi wa historia ya gari, ule unaoonyesha kama lina deni, liliibwa au liliwahi kupata ajali kubwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na hasara. Kisha ingia kwenye tovuti ya serikali yao, andika namba ya usajili, uangalie historia ya MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa magari wa kule. Huduma hiyo ni bure. Utaona kilomita zilizosomwa, au maili kwa upande wao, kila lilipokaguliwa. Zikipanda, zikashuka, halafu zikapanda tena, achana nalo.

Halafu andikeni hati ya mauziano. Mtu binafsi hana risiti ya duka, na mimi huku siwezi kufungua kazi bila ankara. Karatasi moja inatosha: majina kamili ya muuzaji na mnunuzi kama yalivyo kwenye pasipoti, anwani, aina ya gari, namba ya usajili, namba ya chesi, bei, tarehe, sahihi mbili. Jina la mnunuzi liwe la yule mwenye PIN ya KRA atakayeandikiwa gari Kenya. Kama kijana ndiye anayenunua na mama ndiye atakayemiliki, amueni siku hiyo hiyo, maana baadaye kila karatasi itafuata jina la kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lipeni kwa benki, ili iwepo alama ya malipo.

Hatua ya 3: Namba ya chesi, herufi kwa herufi

Hii naiandika peke yake kwa sababu imenitoa jasho. Kuna gari nililolitoa ambalo kwenye hati ya shehena (bill of lading, karatasi ya kampuni ya meli inayoonyesha gari lililopakiwa) mtu alichapa 8 mahali pa B. Alama moja tu. Mfumo wa forodha ukasoma gari jingine kabisa, na ikabidi tuombe upande wa meli warekebishe manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, ndipo tuendelee. Siku 11. Gari limelala bandarini na ada ya kuhifadhi inapanda kila kukicha, na mwenye gari ananipigia akiuliza kosa lake ni nini. Hakuwa na kosa.

Tangu hapo ninafanya hivi. Aliye kule apige picha namba iliyochongwa kwenye gari lenyewe: magari mengi inaonekana chini ya kioo cha mbele, na kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Anitumie picha hiyo pamoja na ya V5C. Tunapigiana simu, yeye anasoma kwenye gari, mimi nafuata kwenye kadi kwa kalamu. Namba hii ina tarakimu na herufi 17, na kamwe haina I, O wala Q. Ukiona kitu kinachofanana na O, ujue ni sifuri. Hati ya shehena ikitoka, omba uione ikiwa bado rasimu, usome tena namna hiyo hiyo. Kurekebisha rasimu ni barua pepe moja.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya ushuru

Watu wengi huamini KRA itatoza kwa bei waliyolipa. Sivyo. Kwa gari lililotumika KRA huanza na CRSP, yaani bei ya rejareja ya gari hilo likiwa jipya kwenye orodha yao, kisha hupunguza uchakavu kwa umri na kuondoa kodi na faida iliyomo. Kinachobaki ndicho thamani ya forodha. Orodha hiyo imewekwa kwenye tovuti ya KRA, itafute kabla hujatuma hata senti. Kumwomba muuzaji aandike bei ndogo kwenye hati hakutakupunguzia kitu, na kunaweza kukutia matatani.

Tuseme thamani ya forodha ni shilingi 1,000,000 na injini ya petroli ni cc 1,800. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 25, lakini unatozwa juu ya 1,350,000, kwa hiyo 337,500. VAT ni asilimia 16 ya jumla yote hiyo, 1,687,500, ambayo ni 270,000. Ongeza ada ya IDF (fomu ya tamko la kuagiza bidhaa kutoka nje) asilimia 2.5, 25,000, na ada ya maendeleo ya reli asilimia 2, 20,000. Jumla: 1,002,500. Kodi imelingana na thamani ya gari.

Injini isiyozidi cc 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na kwa thamani ile ile jumla hushuka hadi 924,200. Ndiyo maana nilikutaka usome P.1. Petroli inayozidi cc 3,000 au dizeli inayozidi 2,500 hupanda hadi asilimia 35. Viwango hivi hubadilishwa na bajeti, hivyo mwulize wakala wako vilivyopo wiki hiyo.

Kama anayerudi ni mkazi wa Kenya aliyeishi nje angalau miaka 2, na gari amelimiliki na kulitumia kule angalau miezi 12 bila kuhesabu muda wa safari ya baharini, anaweza kuomba msamaha wa ushuru. Aliyenunuliwa gari na ndugu hahusiki.

Hatua ya 5: Ukaguzi, IDF na bima

Uingereza ni miongoni mwa nchi ambako KEBS imeteua kampuni za kukagua magari kabla ya kusafirishwa. Gari likipita hupewa cheti cha CoR, kinachothibitisha kwamba linafaa kwenda barabarani. MOT haiwi badala yake. Lisipakiwe kabla cheti hakijatoka.

Wakati huo wakala wako huku anaomba IDF kwa kutumia hati ya mauziano na PIN yako. Bima ya baharini inunue kwa kampuni ya Kenya. Ndivyo inavyotakiwa tangu 2017.

Muuzaji naye akate sehemu ya V5C ya kupeleka gari nje ya nchi kwa kudumu, aijaze na kuituma DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, Swansea. Sehemu iliyobaki ya kadi, ile halisi, itumwe kwa kampuni ya kuaminika ya kusafirisha vifurushi mpaka mkononi mwako. Usikubali iwekwe ndani ya gari.

Hatua ya 6: Meli

Meli za RoRo, ambazo gari huendeshwa likaingia ndani, huwa nafuu kuliko kontena. Gari liwe tupu, bila nguo wala zawadi za watoto, na mafuta kidogo tu. Lipigwe picha kila upande siku ya kukabidhiwa, pamoja na dashibodi inayoonyesha maili.

Hatua ya 7: Likishafika Kilindini

Sheria inataka wakala mwenye leseni akufanyie tamko la forodha, na ni vizuri umpate mapema kabla meli haijatia nanga. Akishapata hati ya shehena, V5C, CoR, IDF, hati ya mauziano na bima, anaingiza kazi kwenye mfumo wa forodha wa KRA uitwao iCMS na unapata namba ya malipo. Lipa benki wewe mwenyewe. Wakala akikutaka umpe fedha za ushuru taslimu, kataa kwa upole. Baada ya hapo kuna uhakiki wa forodha na KEBS, DO (hati ya kuruhusu gari litolewe) kutoka kwa wakala wa meli, na malipo ya bandari au ya CFS, yadi ya kuhifadhi mizigo nje ya bandari, kama gari lilihamishiwa huko.

Tamko lifanywe ndani ya siku 21 tangu meli ianze kupakua. Ukipitisha muda, gari linaingia kwenye njia inayoishia mnadani.

Usajili unafanyika NTSA kupitia eCitizen. Kabla ya kutia sahihi yoyote ya kupokea, lizunguke gari ukiwa na zile picha za Uingereza: tairi la akiba, jeki, redio, vioo vya pembeni, funguo zote mbili. Ukiona kitu kimekosekana, kiandike kwenye karatasi ya kupokea hapo hapo. Ukishatoka langoni hakuna atakayekusikiliza.

Njoo na betri ya akiba au waya za kushtulia, maana gari lililokaa wiki nyingi mara nyingi haliwaki. Bima ya barabarani iwe imeshakatwa. Na kwa kuwa tangi liliachwa karibu tupu kwa ajili ya meli, peleka gari kituo cha mafuta cha kwanza utakachokiona, hata kama unakwenda Changamwe tu.