Injini ya dizeli ya boti imegoma: itengenezwe au ibadilishwe?

Katika bandari za Bukavu, kwenye Ziwa Kivu, injini nyingi huhukumiwa kabla ya kupimwa. Mwongozo huu unahusu injini zinazofungwa ndani ya boti, iwe ni boti la mizigo linalopitia kisiwa cha Idjwi au boti la tanga ambalo huwasha injini wakati wa kuingia gatini tu.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kilichokwama ni injini yenyewe. Weka giaboksi huru, kisha zungusha nati ya mbele ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kwa spana ndefu. Ikizunguka ikiwa huru na kukataa gia ikiingizwa, tafuta tatizo kwenye shafti na propela, ambako kipande cha wavu wa sambaza (dagaa wa Kivu) hujisokota mara nyingi kuliko wenye boti wanavyodhani. Ikikataa hata ikiwa huru, usiguse stata: toa nozeli zote (vipulizia mafuta) kwanza, kwa sababu maji yaliyorudi kupitia egzosi hayagandamiziki, na stata inaweza kupinda konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Injini iliyoingia maji jana, ikimwagwa maji na kubadilishiwa oili leo, huweza kupona. Ikiachwa na kutu kwa majuma, silinda zitahitaji kuchongwa.

Hatua ya pili, chota oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji. Ikiwa na vumbi la chuma linalong'aa, beringi zinalika.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua mengi, nayo ni kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Funga mafuta, tumia betri iliyojaa, na upime silinda moja baada ya nyingine. Hapa ndipo injini nzuri hutupwa, kwa kuwa vipimo vya vitabuni kwa kawaida huchukulia hewa ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yetu ni karibu milibari 850, ilhali baharini ni 1,013. Silinda ambayo kitabu kinaitaka isome bari 30 itasoma 25 hivi hapa kwetu bila kuwa na ubovu wowote. Zidisha namba ya kitabu kwa 0.84 kabla ya kumwamini fundi anayetikisa kichwa. Mimi huangalia zaidi tofauti kati ya silinda, nayo ikipita asilimia 10 hivi, natia kijiko cha oili katika silinda dhaifu na kupima tena: namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, isipopanda, kosa liko kwenye valvu au gasketi ya hedi, kazi ambayo haihitaji kuitoa injini botini.

Hatua ya nne ni hesabu, na wengi huifanya nusu. Bei ya injini ya mtumba si bei ya kubadilisha. Ongeza misingi mipya ikiwa miguu hailingani, egzosi, mabomba ya maji, nyaya, na pengine propela, kwa kuwa uwiano wa giaboksi hubadilika. Ukarabati ukipita nusu ya jumla hiyo, mimi hushauri kubadilisha. Hushauri hivyo pia bloku ikiwa imepasuka, au beringi za krenki iliyochongwa zikiwa hazipatikani hapa, Goma wala Kigali.

Ukiamua kununua, dai injini iwashwe ikiwa baridi mbele yako, na uipime kompresheni kabla ya kulipa. Isiyo na turbo itapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake katika urefu huu juu ya bahari, hivyo chagua kubwa kidogo. Baada ya kufunga, pima ulinganifu wa shafti na giaboksi boti likiwa nchi kavu, kisha urudie likiwa limeelea kwa siku moja au mbili, kwa kuwa mbao hubadili umbo majini. Mwanya kati ya nyuso mbili za kiungio usitofautiane zaidi ya milimita 0.1 kuzunguka pande zote.