Ukilala Loiyangalani, panga safari na upepo

Miaka kadhaa nimepeleka unga na sukari kutoka Maralal hadi Loiyangalani, mji ulio kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, nikirudi na samaki mkavu. Wanaoniuliza kama panalalika nawaambia panalalika, mradi usishindane na upepo.

Toka South Horr mapema. Pale Sarima utapita karibu na mitambo 365 ya umeme, na utaelewa kwa nini iliwekwa hapo: upepo hubanwa kati ya mlima Nyiru na Kulal, ukitoka hapo unakuja kama umefukuzwa. Ukiteremka kwenda Ziwa Turkana, mawe ni meusi ya volkano, yana makali. Beba tairi mbili za spea. Mimi kwa kubeba moja nilishinda chini ya lori nusu siku, nikingoja gari lipite.

Mji utaujua kwa mikoma yake. Imeota hapo kwa sababu ya chemchemi. Maji ya kunywa uje nayo. Ya ziwa yana magadi, chai yake utaitema. Chakula usihangaike: agiza samaki na ugali, ila agiza ukifika, si ukishikwa na njaa, maana moto huenda bado haujawashwa. Noti kubwa zitakusumbua, vunja Maralal. Ukikuta mama wa Kiturkana, msalimu "Ejoka" kabla ya kuuliza bei. Picha omba kwanza, mkubaliane.

Sasa kulala. Upepo huchachamaa usiku, hasa kuelekea alfajiri, halafu mchana unapoa. Chukua chumba. Ukishikilia hema, mlango uelekee ziwani, na kila kamba iwekee jiwe la kubebwa kwa mikono miwili. Vigingi peke yake ni mapambo. Usianike nguo. Shati langu la buluu nililiacha kwenye kamba saa mbili usiku, asubuhi nikakuta kifungo kimoja kimenasa kwenye mwiba wa mgunga. Vijiji vya El Molo, jamii ndogo ya wavuvi wa ziwa hilo, vitembelee alasiri, na kama ni kwa boti mwache mwenye boti aamue. Akikataa, usimwongezee pesa. Kuogelea sahau, mamba wapo.

Ukiendelea North Horr, ulizia kwanza kama uwanda wa jangwa la Chalbi ni mkavu. Mvua ikinyesha, uwanda ule hugeuka tope, na katikati yake huoni hata mti wa kufungia kamba ya kuvutia gari.