Jinsi ya kuchagua na kupaka sila kwa kaunta ya mawe jikoni bila kuharibu jiwe

Mimi ni fundi wa kaunta za mawe hapa Nairobi na simu ninazopigiwa zaidi si za jiwe kupasuka, ni za doa. Mtu ameweka graniti nyeupe, nyumba mpya, wiki ya pili kijiko cha mchuzi wa manjano kimelala hapo usiku mzima na asubuhi kuna duara la njano halitoki. Sasa wacha nieleze vile mimi hufanya.

Kwanza elewa sila (sealer, dawa ya kukinga jiwe) ni nini, juu hapa ndipo watu wengi hukosea. Sila nzuri ya jikoni si vanishi, haikai juu ya jiwe, inaingia ndani kwa vile vitundu vidogo na kuzuia maji na mafuta yasinywewe haraka. Haraka, nimesema. Kazi yake ni kukupa muda wa kufuta. Ukimwaga mafuta ya chapati uyaache hadi kesho, hata sila ya bei ghali haitakuokoa.

Hatua ya 1: jua jiwe lako. Usinunue kitu kabla ya hii. Fundi akikata shimo la sinki kuna kipande kinabaki, kidai, ni chako umelipia, na ndicho utatumia kwa majaribio. Weka tone la maji juu yake, subiri dakika 10 hadi 15, futa. Mahali pakiwa pamebadilika rangi, pamekuwa peusi kidogo, jiwe linakunywa na linahitaji sila. Pakibaki vile palikuwa, haliihitaji saa hii. Graniti nyingi nyeusi zile nzito hazinywi kitu, na ukizipaka sila unapata ukungu tu juu na mistari, kwa hivyo muuzaji akikulazimisha ununue kwa sababu eti kila jiwe lazima, mwonyeshe hilo tone.

Halafu kamulia tone la ndimu kwa hicho kipande, dakika chache tu. Pakipoteza mng'ao hiyo ni marumaru ama jamaa zake, na hapa sikiliza vizuri: sila haizuii ndimu. Marumaru ni kalsiamu kaboneti na asidi inaila yenyewe, iwe ni ndimu, siki, nyanya ama ukwaju. Hilo si doa, ni jiwe limeliwa, dawa yake ni kupolishiwa upya na fundi. Ukijua hivyo mapema utaweka ubao wa kukatia na hutanilaumu baadaye. Kwatsi (quartz), ile ya kutengenezwa kiwandani, haihitaji sila kabisa, na jiwe la Kisii watu hulipaka mafuta ya madini tu.

Hatua ya 2: kuchagua. Kwa mkebe tafuta neno impregnating ama penetrating, yaani ile inayoingia ndani ya jiwe, na iandikwe inafaa mahali pa chakula ikishakauka. Za kung'arisha zinazokaa juu usinunue za jikoni, zinakwaruzika, zinababuka ukiweka sufuria ya moto na kuzitoa ni shida. Kuna za maji na kuna zile zenye harufu kali kama ya thina. Kwa nyumba yenye watoto na dirisha moja mimi huchagua ya maji. Jikoni pia hakikisha inazuia mafuta, si maji peke yake.

Hatua ya 3: safisha na ukaushe. Sabuni laini ya vyombo na maji ya vuguvugu, suuza mara mbili. Usitumie siki, Jik wala zile dawa kali za choo. Mafuta sugu futa na asetoni kidogo. Kisha uache jiwe likauke saa 24 nzima, na mwezi wa saba hapa Nairobi vile kunakuwa na baridi na mawingu mimi huacha siku mbili, juu ukifungia unyevu ndani jiwe linabaki na madoamadoa.

Hatua ya 4: kupaka. Kama ni ile ya harufu kali fungua madirisha, zima jiko, na mtungi wa gesi ufungwe kabisa, mvuke wake unashika moto. Vaa glavu. Jaribu kwanza kwa kile kipande ama kona iliyojificha. Gawanya kaunta, fanya kama mita moja, mwaga kidogo, tandaza na kitambaa hadi jiwe lilowe sawasawa, na ukazane pale kwa bomba na kando ya sinki ambapo maji hukaa. Acha dakika zilizoandikwa kwa mkebe, nyingi ni 5 hadi 15, pakikauka haraka ongeza. Sasa ifute yote. Yote kabisa, na kitambaa kingine kikavu, hadi mkono ukipita usihisi utelezi. Siku moja nilipokea simu katikati ya kazi, nikarudi sila imeshakauka juu, kaunta yote ina ukungu kama kioo chenye pumzi. Nilipaka sila mbichi juu yake kidogokidogo, ikalegeza ile ya zamani, nikasugua na kufuta, lakini ilinichukua jioni nzima. Tangu hapo simu hubaki kwa begi.

Jiwe linalokunywa sana lipake mara ya pili kulingana na maagizo ya mkebe. Usiweke maji wala vyombo kwa saa 24, kisha rudia lile tone. Likisimama kama shanga umemaliza, likinywewa paka tena. Jaribio hilohilo lirudie kila miezi 6, usipake tu kwa kuhesabu kalenda.

Vitambaa vilivyolowa vitandaze nje vikauke kabla ya kutupa, mkebe ufunge kabisa uweke mbali na watoto, na uandike tarehe ya kupaka juu yake na maka.