Ramani ya maziwa na mito msituni: anza kuisoma kwenye maji

Kwenye nchi ya maziwa iliyofunikwa na msitu, kilima si alama ya kutegemea, kwani miti hukuziba usikione hata ukiwa chini yake. Kwa hiyo ramani ya topografia ya sehemu kama hiyo mimi huanza kuisoma kwenye maji.

1. Soma skeli na tofauti ya mwinuko kati ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Kwenye 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Kontua zikipishana kwa mita 10, genge la mita 8 linaweza kukaa katikati ya mistari miwili na usilione kabisa.

2. Jua mto unaelekea wapi. Kontua ikikata mto hujikunja kama V, na ncha yake huelekea mto unakotoka. Kama maziwa yameandikiwa mwinuko, kazi imekwisha.

3. Piga hesabu ya mteremko. Hapa usiwe na haraka. Tuseme ziwa la juu liko mita 437, la chini mita 401, na mto kati yao ni kilomita 9, ukiupima kwa uzi kona kwa kona. Wastani ni mita 4 kwa kila kilomita. Unasikika mpole, ila wastani huficha mengi. Kontua za 430, 420 na 410 zinaukata mto wapi? Zikiachana sawasawa, mto unashuka taratibu. Lakini 420 na 410 zikiachana nusu kilomita tu, maji yanashuka mita 10 hapo hapo: tegemea maji ya kasi au maporomoko, hata kama mchora ramani hakuweka alama.

4. Kama unasafiri kwa mtumbwi, kagua njia ya nchi kavu ya kuubebea pale usipoweza kupiga kasia. Iliyo fupi mara nyingi hupita kinamasini. Afadhali kuzunguka.

5. Ukitumia data ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani, shuku miti. Data ya SRTM (upimaji wa mwinuko wa nchi kavu kutoka angani) ilikusanywa kwa rada ya chombo cha anga za juu Endeavour mnamo Februari 2000, na penye msitu mzito mawimbi yake mengi yalirudi kabla ya kugusa ardhi. Ukiona ukingo wa ziwa umepanda ghafla mita 15 pande zote, huenda unapima vilele vya miti. Laida, yaani upimaji kwa miale ya leza, hupenya vizuri zaidi kwenye mianya ya majani. Kama ipo, tumia hiyo.