Gauni linabadilikaje mbele ya macho yako? Siri za nguo za jukwaani na namna ya kushona la kwako

Ule mzunguko mmoja unaujua. Dada ameingia na matambara, anaimba, anazunguka mara moja, akimaliza yuko ndani ya gauni la sherehe linameta na ukumbi mzima unapiga kelele. Watu wakitoka hapo wanasema dah, yule dada ana kasi. Hana kasi yoyote jamani. Gauni la pili lilikuwa mwilini mwake tangu hajatoka nyuma ya pazia, kilichotokea ni kwamba la kwanza limeacha kulificha, basi. Ukishalielewa hilo kilichobaki ni ushonaji, pamoja na kumfanya mtazamaji aangalie pengine kwa sekunde mbili.

Mi ni fundi cherehani, mambo ya jukwaa nimeingilia dirishani tu, nilishona nguo za tamasha la Krismasi la kwaya moja nikaambiwa sasa baki hapa nyuma uwafunge zipu, nikabaki mpaka leo. Kwa hiyo nitaongea sana nguo, mambo ya moshi na kupaa nitayagusa kidogo.

Wakongwe wa hii kazi ni Wajapani, kwenye maigizo yao ya kabuki yenye karne nne sasa. Wana mtindo unaitwa hikinuki: kimono ya juu, lile joho lao refu, imeshikizwa kwa nyuzi za bandi tu, yaani mshono mrefu wa muda, na kila uzi mwishoni una kifundo kidogo cha kushikia. Mchezaji anaendelea kucheza, msaidizi anakuja nyuma yake taratibu anachomoa nyuzi moja moja, muda ukifika anavuta na kimono nzima inatoka, chini kuna nyingine ya rangi tofauti kabisa. Na huyo msaidizi haonekani? Anaonekana! Yuko pale pale jukwaani, ila watazamaji wamezoea kutomhesabu. Wana mtindo mwingine unaitwa bukkaeri, mabega yanafunguliwa na nusu ya juu ya nguo inaangukia kiunoni kama ganda la ndizi, na upande wa ndani wa lile ganda ndo unakuwa sketi mpya. Kwa anayeanza nashauri huu wa pili, maana nguo haiendi popote, hamna cha kuficha wala cha kuokota.

Broadway, yale majumba makubwa ya maigizo ya New York, nao wameichukua kanuni hiyo hiyo wakaifanya kubwa. Mwaka 2013 walipoweka jukwaani Cinderella, mchezo wa nyimbo wa Rodgers na Hammerstein, mwigizaji Laura Osnes alikuwa anazunguka hapo hapo mbele za watu, matambara yanageuka gauni la dansi, bila kutoka jukwaani, bila pazia. Mbunifu wa mavazi yake, William Ivey Long, aliondoka na Tony mwaka huo, tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway. Angalia na ule mzunguko wenyewe, sio mapambo. Mtu akizunguka kitambaa kinarushwa nje, kinajifungua chenyewe. Yaani mzunguko ni mashine.

Haya tushone. Anza na gauni la ndani, lile la kufunuliwa, kiwiliwili kibane, kisiwe na mikono, kitambaa chepesi kama satini. Alafu juu yake unashona paneli mbili kiunoni, moja ya mbele moja ya nyuma, ambazo zitapandishwa juu kufunika kifua na mgongo zikutane mabegani. Upande unaoonekana zikiwa juu ni matambara, upande wa ndani ni kile kitambaa kizuri. Sasa piga hesabu hapa, ndo watu wengi wanapoharibu. Kutoka kiunoni mpaka begani ni kama sentimita 40, lakini kutoka kiunoni mpaka kwenye kifundo cha mguu ni kama 100, kwa hiyo paneli yako lazima iwe na 100 zote, na zile 60 zilizozidi unazikunja kwa ndani kama feni ya mkono, zinalala kati ya matambara na kifua. Ndo maana yule msichana maskini kwenye maigizo kila siku kavaa vitu vipana vipana, shali, viraka, aproni, unafikiri ni umaskini, kumbe amebeba sketi nzima kifuani. Shali yenyewe ishone kwenye paneli ili ishuke nayo, usije ukaiacha imening'inia shingoni kama taulo.

Kwenye ukingo wa paneli, ule utakaokuwa pindo chini, shonea chubwi ndogo za wavuvi, sita zinatosha, kila moja izungushie kitambaa zisigongane. Uzito ule ndo unaofanya sketi ianguke pwaa kwa mara moja badala ya kuelea elea.

Mabegani sasa. Usitumie bandi ya uzi wa pamba. Naliongea hili kwa uchungu. Mara yangu ya kwanza nilipiga bandi ndefu ya uzi wa kawaida, mazoezini ikachomoka safi mara zote, siku yenyewe ukumbi umejaa, joto, dada katoka jasho, uzi ukalowa ukavimba ukashika, akavuta ukakatika katikati. Bega la kulia likashuka la kushoto likagoma. Akaimba kiitikio chote upande mmoja bibi harusi upande mwingine mfua nguo, na watu wakampigia makofi wakidhani ni maana ya mchezo.

Tangu siku hiyo natumia vitanzi na mshipi. Kwenye ukingo wa paneli ya mbele shona vitanzi vidogo vya uzi mnene, vitano vitano kila bega, na kwenye ya nyuma hivyo hivyo, ila vipishane, cha mbele cha nyuma cha mbele cha nyuma, kama bawaba ya mlango. Alafu pitisha mshipi mnene wa kuvulia katikati yake, kama ile pini inayopita kwenye bawaba. Mshipi haunywi maji na unateleza. Mwisho mmoja uache bila fundo kabisa, uchome kwa moto kidogo uwe mviringo usikwaruze, mwisho mwingine lete mbele kifuani ufunge kwenye kifungo kikubwa au bruchi. Bega la kulia na la kushoto yote yanakutana pale. Kwa hiyo mwigizaji akishika kifua kwa mikono miwili kama mtu aliyeshtuka, alafu akaifungua mikono kwa furaha, keshavuta. Huyo kashtuka, kafurahi, kazunguka, kavaa gauni. Hamna mtu ataona mkono ukifanya kazi.

Na hapo ndo tunakuja kwenye macho. Watu wanaangalia panapoangaliwa na wenzao. Sekunde moja kabla ya kuvuta, waambie waigizaji wengine wote wageuke waangalie upande wa pili, mlango ufunguke, fimbo ya mganga ipande juu, taa iwake pale, na sahani za ngoma zipigwe. Ukumbi wote unageuza kichwa na unarudi sketi iko chini tayari. Usizime taa. Watu wengi wanakimbilia kuzima taa na hapo uchawi unakufa, kila mtu anajua gizani kuna watu wanafunga zipu.

Mabadiliko ya nyuma ya pazia ni habari nyingine, hapo mtu anatoka kweli jukwaani na ana labda sekunde 30 arudi kama mtu mwingine. Sisi hatuhesabu kwa saa, tunahesabu kwa wimbo: beti moja na kiitikio, kiitikio cha pili kikianza lazima awe na viatu. Panga kibanda kidogo cha mapazia karibu kabisa na anapotokea, weka taa ya bluu yenye mwanga hafifu, na tandika kitambaa chini. Gauni usilitundike, lilaze sakafuni limefunguka kama duara, zipu mpaka chini, viatu viwe katikati ya duara vinaangalia upande anaotokea, ili akija aingie tu kwa miguu na wewe unalipandisha. Wavalishaji wawili, mmoja wa kuanzia kiunoni kwenda juu, mwingine wa chini, na kila mtu ana vitu vyake, mambo ya "ngoja nikusaidie" hayapo. Mwigizaji kazi yake ni kunyoosha mikono na kunyamaza. Akianza kujisaidia mwenyewe ndo zipu inakula kitambaa.

Nguo zenyewe zimedanganya. Shati la vifungo halina vifungo, yaani vimeshonwa juu kama urembo na chini yake kuna velkro. Tai imefungwa tayari iko kwenye lastiki. Kamba za viatu ni lastiki pia. Velkro ni nzuri ila ina mdomo, ule mlio wa krrr unasikika mpaka safu ya kumi, kwa hiyo ukiweza tumia sumaku ndogo au vile vifungo vya kubonyeza, na ukilazimika velkro basi ifunguliwe ngoma ikipigwa. Alafu upande wake wenye ndoana usiuelekeze kwenye lesi wala soksi ndefu, utalia.

Kitu cha maiki nacho. Kile kiboksi cha kurushia sauti kinakaa kwenye mkanda wake mwembamba chini ya nguo zote, hakiguswi kwenye mabadiliko, na waya unapanda mgongoni unaingia chini ya wigi. Kwa ajili ya jasho wenzetu wa majukwaa makubwa wanakivalisha kondomu isiyo na mafuta. Nilipoenda kununua boksi zima duka la dawa na kuomba risiti ya kwaya muuzaji aliniangalia sana.

Sasa yale mengine ya kushangaza. Kuna rahisi moja unaweza kufanya kwa chandarua. Tundika chandarua kimenyooka kabisa katikati ya jukwaa, mulika kwa mbele taa ikitokea pembeni au juu kwa mshazari, nyuma yake kuwe giza tororo: utaona ukuta. Punguza ya mbele, washa ya nyuma taratibu, na ukuta unayeyuka, mtu kasimama pale. Majumba makubwa wana kitambaa chao maalum cha kazi hiyo ila kanuni ni hii hii, mwanga unapogonga ndo jicho linaposimama. Usimulike chandarua uso kwa uso, mwanga unapenya na kila kitu kinaonekana, pamoja na yule mtoto wa kwaya anayekula karanga.

Watu wawili kwa mtu mmoja nayo ni ya bei nafuu. Kwenye The Phantom of the Opera, iliyoanza London 1986, wakati Phantom, yule mtu wa barakoa, anampeleka mwimbaji Christine chini ya ardhi kuna watu mbadala waliovaa sawasawa na wao, ndo maana unawaona wanatokea upande huu na sasa hivi upande ule. Barakoa, kofia, mgongo, mwanga kidogo, inatosha. Mwishoni pale Phantom anapokaa kwenye kiti akajifunika joho, na joho likivutwa imebaki barakoa peke yake, muulize kiti. Kimetengenezwa kumficha.

The Lion King, ambayo majina yake sisi hatuhitaji kutafsiriwa, ndo inanifundisha zaidi, maana haina haya. Ukame unaonyeshwa kwa kitambaa cha hariri kilichotandazwa kama bwawa, kinavutwa taratibu kupitia tundu la sakafu mpaka maji yameisha. Simba jike wakilia wanavuta utepe kutoka machoni. Kila mtu anaona ni kitambaa na bado unasikia kitu.

Kwenye Wicked, yule mchawi Elphaba anapopaa hajaning'inizwa kwa waya, kuna lifti inamwinua kwa nyuma, sketi nyeusi kubwa imeifunika na moshi na taa zinamalizia. Mlango wa sakafuni wa mchezo huo huo, anapoyeyuka, ulimwangusha Idina Menzel, aliyekuwa anaigiza Elphaba, Januari 2005, lifti ilikuwa imeshashuka, akavunjika ubavu siku moja tu kabla ya onyesho lake la mwisho. Kesho yake alitokea dakika za mwisho na trakisuti nyekundu kuimba na kuaga. Hao ni Broadway, wana wahandisi. Kwa hiyo mlango wa sakafuni, kupaa kwa kamba na moto, usijaribu na fundi seremala wa mtaani hata akikuapia.

Barafu kavu nayo, ile inayotoa ukungu unaotambaa chini, iko nyuzi joto -78, inaunguza mkono kama moto, na ule ukungu unakuja na gesi nzito ya kabonidioksidi inayokwenda sehemu ya chini kabisa, ambako mara nyingi wamekaa wapiga muziki. Fungua milango, vaa glavu nene, na waulize wapuliza tarumbeta kama wanapumua.

Ukimaliza kushona fanya mazoezi mara kumi kwenye mwanga, polepole, mvalishaji anasema kwa sauti kila anachogusa, alafu mara tano gizani kimya kimya. Onyesho likiisha usilitupe gauni kwenye begi. Chomoa mishipi, ifute, geuza paneli ndani nje zipigwe upepo usiku kucha, na asubuhi pitisha kidole kwenye kila kitanzi kabla hujarudisha mshipi, maana chumvi ya jasho ikikaukia pale inakwaruza, na onyesho la Jumapili ndo mama zao wote wanakuja.