Jipu la unyayo kwa kuku: toa kiini, usikamue

Jirani alinijia jioni akiwa amemkumbatia tetea wake mwekundu. "Dada, huyu kachomwa mwiba, tangu juzi hakanyagi." Nilimgeuza, nikafuta matope kwa kitambaa chenye maji. Katikati ya unyayo palikuwa na kigaga cheusi cha mviringo, kipana kama punje ya hindi, kimekaza kama kizibo. Nyama iliyokizunguka ilikuwa imevimba mpaka vidole vimetanuka, na ukigusa unasikia joto. Hapakuwa na mwiba wowote. Lilikuwa jipu la unyayo. Naandika hapa yale yale niliyomwelekeza jioni ile, kwa sababu kuku wangu wa kwanza kupata jipu hili nilimtesa karibu saa mbili kwa kutojua.

Ugonjwa huu huanza na mkwaruzo mdogo. Kuku anaruka kutoka juu, anatua kwenye zege au kokoto, ngozi ya unyayo inachubuka, bakteria wanaingia. Anayepatikana humo mara nyingi ni Staphylococcus aureus, ambaye huishi kwenye ngozi ya ndege na ya binadamu pia, na akipata njia ya kuingia kwako atakuumiza. Vaa glavu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hatua ya 1: Hakikisha ni jipu kweli

Kuku anayechechemea si lazima awe na jipu. Angalia chini ya unyayo kwanza. Kama pako safi, tazama vidole kimoja kimoja: uzi au unywele wa mtu ukijizungusha kidoleni hukata damu, na huonekana kama mstari mwembamba uliozama kwenye nyama. Kama magamba ya mguu yameinuka na kuwa kama ukoko mweupe, huo ni utitiri wa magamba, una tiba yake. Kuku akinyoosha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, hasa akiwa bado mdogo, shuku mahepe (ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu), na hapo kuloweka miguu hakutasaidia kitu.

Hatua ya 2: Pima limefika wapi

Unyayo mwekundu, ngozi imelainika na kung'aa, hakuna kigaga: usiguse. Rekebisha banda (hatua ya 8), mtazame kila siku mbili.

Kigaga cheusi na uvimbe, lakini kuku anakula na anatembea: hili unaliweza nyumbani.

Uvimbe umepanda mpaka juu ya mguu kati ya vidole, kifundo kina joto, au kuku amejikunyata na hataki kula: mpeleke kwa daktari wa mifugo, leo. Maambukizi yakishafika kwenye kano na mfupa, hakuna maji ya chumvi yatakayoyafuata huko.

Hatua ya 3: Vifaa

Beseni, chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti, si chumvi ya chakula), taulo kubwa, glavu, kibano chenye ncha butu, shashi, bandeji inayojishika yenyewe, dawa ya kusafishia vidonda ya klorheksidini au ayodini iliyozimuliwa hadi rangi ya chai isiyokolea, na marhamu ya antibayotiki. Soma maandishi ya marhamu hiyo: isiwe na dawa ya ganzi kama benzokeini, kwa sababu ndege huzidiwa upesi na dawa za jamii hiyo.

Haidrojeni peroksaidi mimi siitumii. Inatoa povu la kuridhisha macho, lakini inaunguza nyama changa inayojaribu kuota.

Hatua ya 4: Loweka

Maji ya uvuguvugu, yale ambayo kiwiko chako hakishtuki. Vijiko viwili vya chakula vya chumvi kwa kila lita moja. Dakika 15 hadi 20. Sugua uchafu kwa mswaki laini, kisha futa na upake klorheksidini.

Hatua ya 5: Toa kiini

Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sisi tukipata jipu, likiiva linapasuka na usaha unatiririka. Nilidhani kuku ni vivyo hivyo. Nikabanua kigaga, nikaanza kukamua. Hakikutoka kitu. Nikakamua zaidi, damu ikaja, kuku akaanza kupumua kwa mdomo wazi, na unyayo ukavimba kuliko nilivyoukuta. Baadaye daktari wa mifugo ndiye aliyenieleza: usaha wa kuku haumiminiki. Chembe zao za damu zinazopambana na vijidudu hazina vimeng'enya vya kuyeyusha mabaki kama zetu, kwa hiyo usaha unaganda na kuwa kitu kikavu cha manjano, kama jibini gumu. Ukikamua, unausukuma ndani zaidi kuelekea kwenye kano. Ondoa kabisa wazo la kukamua.

Kabla hujagusa kigaga, mshike kuku vizuri. Mfunge mabawa kwa taulo, mfunike kichwa, atatulia. Mlaze ubavuni au mpakate miguu ikiwa imeelekea kwako. Usimlaze chali huku umemkandamiza kifua: kuku hana kiwambo cha kuvuta hewa kama chetu, anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Ukiubana, unamnyima pumzi hata kama pua ziko wazi. Yule wa kwanza kwangu alitweta kwa sababu hii zaidi ya maumivu. Msaidizi mmoja wa kumshika anatosha, na kazi yake ni moja tu, kutazama kama kifua kinapanda na kushuka.

Sasa shika ukingo wa kigaga kwa kibano na ukizungushe polepole, usikivute juu. Kama kimelainika, kitaachia upande mmoja, na kwa bahati kitatoka na kiini chake kikiwa kimening'inia chini kama mzizi wa jino. Ukikiona hicho, kazi kubwa imekwisha. Kama kigaga hakisogei, acha. Rudisha mguu kwenye maji dakika 10 nyingine, ujaribu tena. Bado? Paka marhamu, funga bandeji, rudia kesho. Marhamu ikikaa usiku kucha chini ya bandeji hulainisha kigaga kuliko nguvu yoyote ya mkono. Tetea wa jirani kiini chake kilitoka siku ya nne, vizuri kabisa, na tone moja la damu.

Najua wengi hushika wembe wakachimba. Siungi mkono. Unyayo wa kuku una mishipa mingi ya damu, kano za kukunjia vidole zinapita hapo hapo, na kuku anasikia maumivu hata kama halii. Hakuna ganzi nyumbani. Ikiwa umejaribu kuloweka wiki nzima na kiini hakijatoka, hiyo sasa ni kazi ya daktari mwenye ganzi na mikono iliyozoea.

Kiini kikishatoka, chungulia shimo kwa tochi. Nyama nzuri ni ya waridi na ina unyevu. Ukiona nyuzi za manjano bado zimeshikilia pembeni, zishike kwa kibano, zikikubali zitoe, zikikataa ziache mpaka mloweko wa kesho. Kuna kitu cheupe, chenye kung'aa, kilichonyooka kama uzi mnene, ambacho husogea kidole kikikunjwa. Hicho ni kano. Kabla ya kuvuta chochote cheupe, kunja kidole kwanza utazame.

Damu ikitoka, bonyeza kwa shashi safi dakika tano bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, mwite daktari.

Hatua ya 6: Funga

Suuza shimo kwa klorheksidini, weka marhamu, funika kwa kipande cha shashi kilichokunjwa mara nne. Bandeji ikate vipande vyembamba vya sentimita 2 hivi. Pana haikai kwenye mguu wa kuku. Anzia kwenye muundi, shuka, pitisha kati ya kidole cha kwanza na cha pili, zunguka chini ya unyayo, panda, kisha kati ya cha pili na cha tatu, na umalizie pale ulipoanzia. Usiivute unapofunga. Bandeji hii huendelea kujibana yenyewe, na iliyokaza inaua vidole. Baada ya saa moja rudi umshike vidole: viwe na joto sawa na vya mguu wa pili. Vikiwa baridi au vimevimba, fungua ufunge upya.

Hatua ya 7: Siku zinazofuata

Mwache peke yake mahali pakavu penye maranda laini, maji na chakula karibu, bila fito za kupanda. Badilisha bandeji kila siku, na mara moja ikilowa. Shimo linapaswa kujaa kuanzia chini kuja juu. Likijifunga juu wakati chini bado kuna tundu, jipu litarudi. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi tatu.

Antibayotiki za kunywa au sindano: usichukue zilizobaki kwa mgonjwa wa mwaka jana, wala za watu. Nyingi haziwezi kupenya kile kiini kigumu, kwa hiyo bakteria wanabaki na wanajifunza kuishi nazo. Daktari akikuandikia, muulize kabla hujaondoka: mayai yasiliwe siku ngapi, na nyama siku ngapi? Andika tarehe kwenye ukuta wa banda.

Hatua ya 8: Banda

Ukimtibu mmoja bila kugusa banda, utatibu wengine. Anza na fito za kulalia. Mimi napenda ubao wenye uso bapa wa sentimita 5 hadi 10, kingo zake zimepigwa msasa zikawa za mviringo. Fito nyembamba huweka uzito wote wa kuku kwenye sehemu moja ya unyayo usiku kucha, na bomba la chuma au plastiki linateleza. Pitisha kiganja chako juu ya ubao wote, ukivuta kwa nguvu. Penye kibanzi patakuchoma wewe kabla ya kuku.

Urefu kutoka chini: kwa kuku wazito usizidi nusu mita. Nilipofika kwa jirani, fito zake zilikuwa usawa wa kifua changu, chini sakafu tupu ya zege, na tetea mwekundu ndiye mzito kuliko wote. Kila asubuhi alikuwa anajirusha kutoka pale. Tulishusha fito, tukamwaga maranda unene wa sentimita 10 pale wanapotua.

Maranda yawe makavu. Chukua gao, likamue mkononi: likishikamana kama donge, badilisha, na tafuta maji yanatoka wapi, mara nyingi ni chombo cha kunyweshea kinachovuja. Unyayo unaokaa kwenye unyevu na kinyesi hulainika na kuchubuka kwa kitu kidogo. Sakafu ya waya nayo iondoe, au uifunike.

Chakula pia kina sehemu yake. Kuku mnene hubebesha nyayo mzigo, kwa hiyo punguza mahindi ya kutupiwa. Na vitamini A ikipungua, ngozi inakuwa dhaifu. Majani mabichi kila siku huisaidia.

Ukaguzi ufanye usiku, wakiwa wamelala na wametulia. Tochi ya kichwani, mmoja baada ya mwingine, mguu wa kulia kisha wa kushoto, mara moja kwa wiki. Dakika moja kwa kuku inatosha. Kwa jirani tulianza usiku ule ule, na chini ya unyayo wa jogoo tulikuta doa jekundu linalong'aa, bado halina kigaga. Huyo hatukumloweka hata mara moja. Baada ya fito kushushwa na maranda kuongezwa, doa lilififia lenyewe.