Chaja ndogo ya kasi: igeuze kwanza, bei baadaye

Boksi likisema 65W kwa herufi za dhahabu, usiliamini bado. Toa chaja, igeuze, usome maandishi madogo yaliyo karibu na pini. Hapo kuna mistari miwili ya kutafuta. Wa kwanza ni INPUT, yaani umeme unaoingia, nao uwe 100–240V, 50/60Hz. Umeme wa Uganda ni volti 240, kwa hiyo kitu kilichoandikwa 110V au 120V peke yake kitaungua siku hiyohiyo. Wa pili ni OUTPUT, yaani umeme unaotoka kwenda kwenye simu, na ndio wenye ukweli wote.

Zidisha volti kwa ampea, upate wati. Chaja ya kweli ya wati 65 huwa na mlolongo: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, na mwishoni 20V 3.25A, ambayo ndiyo 65. Ukikuta 5V 3A tu, hiyo ni chaja ya wati 15, hata boksi likidai 120. Kama hakuna mstari wowote, mrudishie mwenye duka bidhaa yake. Alama ya CE, ile ya viwango vya usalama vya Ulaya, nayo isikutulize, maana yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuibandika.

Sasa, wati ngapi zinakutosha? Simu ndiyo inayoamua. Chaja haisukumi umeme kwa nguvu ndani ya simu. Vyote viwili huzungumza kwanza, simu ikaomba volti na ampea inazoziweza. Ndiyo maana chaja ya wati 65 haiui simu ya wati 18. Kinachochosha betri ni joto, hasa simu ikichajiwa chini ya mto au juani kwenye dashibodi ya teksi.

Shida ni lugha ya mazungumzo hayo. iPhone kuanzia 8 hutumia PD (Power Delivery, lugha ya pamoja ya kuchaji kwa kasi kupitia USB-C), na chaja ya PD ya wati 20 hufikisha nyingi kwenye 50% ndani ya nusu saa hivi. Samsung zinazochaji kwa wati 25 zinataka PPS juu ya PD, yaani nyongeza inayoiwezesha simu kuomba volti ikipandisha na kushusha kidogokidogo. Tafuta mstari kama “PPS 3.3–11V 3A”. Bila huo simu itachaji, lakini haitaandika kwenye kioo kwamba inachaji kwa kasi ya juu kabisa. Tecno, Infinix na Oppo nyingi zina njia zao wenyewe, hivyo ukiiwekea PD ya bei kubwa inaweza kuchaji polepole kuliko ile chaja iliyokuja nayo. Mwenye simu kama hiyo atunze chaja ya awali, au ajaribu dukani kabla ya kulipa. Kwa laptopu yenye tundu la USB-C, soma wati za adapta yake ya zamani; nyingi ndogo zinaridhika na 45 hadi 65.

Kwa simu moja, chukua ya wati 20 hadi 30 yenye tundu moja. Ni ndogo, haipati joto sana, na inaingia mfukoni bila kuvimbisha suruali. Kwa simu na laptopu, 65 yenye matundu mawili ya USB-C inatosha nyumba nzima. Wati 100 kwa ajili ya simu tu ni kutupa pesa.

Kumbuka kwamba wati zinagawanywa. Chaja nyingi za 65 zikiwekewa vitu viwili hutoa 45 upande mmoja na 20 upande wa pili. Za bei nafuu hufanya vibaya zaidi: ukichomeka tu kitu cha pili, matundu mawili yanaanza kugawana 5V 3A, na simu zote zinatambaa. Mgawanyo huo huandikwa kwenye karatasi ya ndani au ubavuni mwa boksi. Pia ukiongeza kifaa, umeme hukatika sekunde moja au mbili kwa vyote huku chaja ikipanga upya. Hiyo si hitilafu.

Herufi GaN kwenye chaja zina maana yake: galiamu nitraidi. Hiyo hupoteza joto kidogo kuliko silikoni na huwasha na kuzima umeme kwa kasi zaidi, hivyo transfoma ya ndani inaweza kuwa ndogo. Wati 65 bila GaN kwa kawaida ni tofali la laptopu. Anayekuuzia kitu kidogo kama kiberiti, bila GaN, akasema ni 65, mwombe mstari wa OUTPUT.

Kuhusu umbo, nunua yenye pini tatu bapa za soketi zetu. Chaja za pini mbili pamoja na adapta hulegea, hutoa cheche, na baada ya muda pini zinakuwa nyeusi. Pini za kukunja ni nzuri safarini, ila kunja na kunjua mara kadhaa hapo dukani. Zikicheza leo, zitakatika. Angalia mwili unaelekea wapi: mrefu kwenda pembeni utaziba tundu la jirani kwenye ekstensheni, na mzito utaning’inia kwenye soketi iliyochoka. Rangi ni hiari yako, lakini nyeupe ya kung’aa na vumbi jekundu la barabara za murram havipatani. Nyeusi isiyong’aa hubaki maridadi.

Kebo ndiyo huharibu kazi mara nyingi. PD haipiti kwenye kebo ya USB-A (kile kichwa kipana cha zamani) kwenda C. Unahitaji C pande zote, au C kwenda Lightning kwa iPhone 14 na za kabla yake. Kebo ya kawaida ya C hubeba ampea 3, yaani hadi wati 60. Zaidi ya hapo inataka ya ampea 5, yenye chipu ndogo ndani. Mita moja inatosha. Nyembamba ya mita tatu hupoteza volti njiani.

Ijaribu dukani simu ikiwa chini ya 50%, kwa sababu ikishapita 80% yenyewe hupunguza kasi na utaihukumu chaja bure. Zima kioo, subiri dakika moja, usome ujumbe wa kuchaji. Tikisa kebo kidogo, geuza kichwa chake. Baada ya dakika kumi chaja iwe na joto la kushikika. Ikikuunguza kiganja, ikinuka plastiki au ikivuma kwa sauti, iache. Risiti iandikwe jina la bidhaa na muda wa kurudisha.

Nyumbani, umeme ukikatika chomoa chaja, kisha urudishe dakika chache baada ya umeme kutulia, maana mshtuko wa kurudi ndio huua nyingi. Na kwenye sola usipitie inveta ya bei rahisi, ambayo umeme wake mchafu hufanya chaja ivume na kuchemka. Tumia chaja ya gari yenye PD, INPUT 12–24V, kwenye soketi ya gari iliyounganishwa na betri kupitia fyuzi.